Chandarua cha Samaki

Mama Kadogo aliogopa mbu kama wengine wanavyoogopa simba, na hakuwa na kosa, maana simba hajawahi kuingia chumbani kwa mwanawe. Kwa hiyo siku mumewe kinyozi aliporudi na tangi la kioo, zawadi ya mteja aliyekuwa anahama nyumba, yeye hakuona samaki. Aliona maji yaliyotuama.

"Hayo ni mazalia ya mbu, Baba Kadogo."

"Samaki watawala hao mbu. Na mtoto atalala akiwaangalia."

Tangi likawekwa chumbani kwa Kadogo, mtoto wa miaka mitatu, juu ya kabati fupi karibu na kitanda. Ndani mlikuwa na majani yaliyopandwa mchangani yakasongamana kama kichaka, na samaki sita bapa wenye mapezi marefu kama mbawa. Hao huitwa malaika. Jina nalo Mama Kadogo hakulipenda, maana malaika ndivyo wanavyoitwa watoto wachanga waliotangulia. Nyuma ya kabati, sakafuni, kikawekwa kipampu cha umeme kinachovuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini kwa mrija. Kikawa kinanguruma kama paka aliyeshiba.

Mama Kadogo akachukua hatua. Alivua chandarua cha mtoto, cha zamani, dawa yake ilishaisha kwa kufuliwa, akalifunika tangi ili mbu wasipate pa kutagia. Na kwa kuwa mtoto sasa hakuwa na chandarua, akamwashia dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyojiviringa kama konokono. Aliiweka nyuma ya kabati, mtoto asije akaikanyaga. Dirisha akalifunga. Akalala ameridhika.

Malaika wa kwanza alikutwa asubuhi anaelea ubavu. Wa pili hakukawia. Kinyozi akabadilisha maji, akabadilisha chakula, akamnusa marehemu, asipate jibu. Mkewe alipata: samaki wakifa watanuka, na harufu itavuta mbu. Akaongeza dawa ya pili.

Kisha Kadogo akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kila akilala.

"Ni samaki wako," Mama akamwambia mumewe. "Wanakufa kwa ugonjwa, na ugonjwa umempata mwanangu."

"Samaki hawakohoi."

"Umewahi kuwasikiliza?"

Kinyozi hakuwa amewahi.

Wifi yake, dada wa kinyozi, alikuja kumjulia hali mtoto. Akatazama kitanda kisicho na chandarua, akatazama tangi lililovishwa shela, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wifi! Kumbe humu ndani mna bibi harusi na hamjanialika!"

Mama Kadogo hakucheka. Malaika wa nne alipoelea, akatoa hukumu: mtoto atahamia kwenye kitanda kikubwa chenye chandarua chake, na mwenye samaki atalala na samaki wake. Kikohozi kisipoisha, tangi litoke, na atakayelitetea atoke nalo.

"Basi nipe chandarua," kinyozi akasema.

"Kina kazi."

"Na dawa utaniwashia?"

"Dawa ilikuwa ya mtoto asiye na chandarua. Wewe una damu nyingi."

Kinyozi akalala kwenye kitanda cha mtoto, miguu nje, akigawa damu. Lakini kikohozi cha Kadogo kilipungua, kisha kikaisha kabisa. Mama akawa anatembea nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nilisema mimi! Kumtenga na samaki tu, kapona."

Wifi alikuwa anakunja nguo. "Na samaki nao wamepona. Hawa wawili waliobaki wanakula kama wageni waalikwa. Kwa akili yako, wifi yangu, basi mtoto ndiye aliyekuwa anawaua."

Mama Kadogo akalitazama tangi. Mtoto na samaki wamepona pamoja. Kuna kitu kiliondoka chumbani siku mtoto alipoondoka, na alikijua, maana alikuwa akikiwasha kwa mkono wake.

Ili ahakikishe, akaiwasha tena dawa palepale nyuma ya kabati, akapiga magoti. Moshi haukupanda. Ulilala, ukajikunja, ukaingia kwenye kipampu kama maji yanavyoingia shimoni. Juu kule, mapovu yalikuwa yanapasuka yakitoa ukungu mwembamba, na malaika mmoja akapanda, mdomo wazi, akitweta.

Akaizima dawa kwa kandambili. Akafungua dirisha. Kwenye pakiti palikuwa na maneno madogo kuhusu samaki na vyumba vilivyofungwa. Hakuwahi kuyasoma. Alikuwa amesoma picha ya mbu aliyekufa.

Samaki walikuwa wanavutishwa moshi na pampu. Mwanawe alikuwa anauvuta mwenyewe.

Wewe mama unayefunga dirisha ukawasha dawa, sikia. Samaki akizidiwa huelea, ukamwona. Mtoto hukohoa tu, nawe ukasema ni mafua.

Jioni kinyozi akakuta chandarua kimerudi kitandani kwa mtoto, na mtoto yumo.

"Na mbu wa kwenye tangi?" akauliza, akijikuna.

"Samaki watawala."

"Si ndivyo nilivyokwambia siku ya kwanza?"

"Ulikuwa huna ushahidi."

Kadogo, ndani ya chandarua, alikuwa anawahesabu malaika: mmoja, wawili, mmoja, wawili. Mama akasimama mlangoni akisikiliza, kwanza pumzi ya mtoto, kisha ya pampu.