Tokeni, Hewa Ipite

Karavani ilipotoka Kitaji asubuhi ile, majirani walisimama barabarani kuitazama kama bibi harusi anayetolewa kwao. Ilikuwa ndefu, nyeupe, ina madirisha meusi na mlango mwembamba kama wa friji, imefungwa nyuma ya pikapu ya kazini kwake Mugeta, mume wa Jeska. Bosi wa Mugeta, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, alitaka ifike Bunda Jumatatu. Aliposikia familia inakwenda makambi ya kanisa kule Guta, akasema basi laleni humo humo, ila msinichafulie.

"Mama Recho, leo umekuwa mtalii!" akapiga kelele Jenipher wa nyumba ya pili. "Ukitufikiria huko kwenye baridi yako, utuletee hata kidogo kwenye mfuko!"

Jeska akacheka, akampungia mkono wa mwanawe. Lakini moyoni hakuwa na kicheko. Recho, bintiye wa kwanza ambaye hata kusimama dede bado, alikuwa amejaa upele wa joto shingoni na makwapani. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, bati za Kitaji zilikuwa zinalia kwa jua, na usiku mzima Jeska alikuwa amempepea mtoto kwa kifuniko cha ndoo. Kama si ile karavani yenye kiyoyozi, makambi asingekwenda.

Butiama wakampitia mama mkwe, Bibi Nyangi. Akaizunguka karavani yote, akapiga teke tairi moja, akashika kiuno.

"Nyumba ya matairi! Sasa mke akinuna, unaivuta tu na yeye yumo ndani. Baba yako angekuwa na kitu hiki, mimi nisingekuwa natorokaga kwenda kwetu."

"Panda, mama, jua kali," Mugeta akamwambia.

"Jua nimezaliwa nalo. Wewe ndiyo umelizoea juzi, tangu ukae mjini."

Makambi ya Guta yalikuwa yameshachangamka walipofika. Uwanja mzima ni mahema, masufuria na watu wa kila kanisa la upande ule, waliokuja kukaa wiki nzima wakisikiliza neno na kushindana kwaya. Chini kule ziwa lilionekana, linang'aa, lakini upepo wake haukupanda. Mashamba ya pamba yalikuwa yamekwisha kung'olewa na ardhi imebaki wazi, ikirudisha juu joto lote inalopewa. Ndani ya mahema watoto walikuwa wanalia bila nguvu.

Fredy, kijana wa vyombo vya muziki, akawavutia umeme kutoka kwenye jenereta ya kanisa, waya mrefu wa rangi ya chungwa uliopita nyuma ya mahema mpaka kwenye karavani. Kiyoyozi kikanguruma, kikatoa harufu ya vumbi, kisha kikaanza kumwaga baridi. Jeska alikaribia kulia. Akamvua Recho nguo, akamlaza kitandani, akamtazama anavyonyoosha miguu polepole, ngozi ikitulia. Habari zikaenea upesi. Kila mama akawa na sababu ya kupita: huyu anaomba chumvi, yule anauliza saa, na wote wanaingiza kichwa mlangoni na kukiacha humo.

"Jamani, hii siyo duka la soda!" Bibi Nyangi akawaambia. "Mtamaliza baridi yote, mtoto wetu akose!"

Saa ya ibada ya mchana ilipofika, Mugeta akaifungua pikapu kutoka kwenye karavani na kwenda Bunda mjini kutafuta maji ya kunywa. Jeska akabaki mlangoni amevaa sare ya kwaya, hajui aende au akae.

"Nenda kaimbe, mkamwana," mama mkwe akasema. "Huyu hawezi kunishinda. Baba yake nilimlea mgongoni nikipalilia mtama. Na mlango naufunga kwa ndani, hawa wageni wa baridi wamenichosha."

Jeska akasikia komeo likiingia. Akaondoka na moyo mwepesi.

Ibada ilianza vibaya. Spika zilikuwa zinakohoa, kinanda kinakatika, jenereta inaguna kama ng'ombe aliyebebeshwa. Watu wakakunja nyuso. Mara sauti ikasafika yote, ikawa wazi, neno likasikika mpaka barabarani.

"Haleluya!" Mzee Stanslaus, mzee wa kanisa, akainua mikono. "Shetani wa mitambo ameshindwa!"

Watu wakapiga makofi. Jeska naye akapiga. Mahubiri yakaendelea, marefu, matamu, na jua likasogea kutoka upande mmoja wa turubai mpaka mwingine. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, naye akawaza kwa furaha ya siri, walau mwanangu yuko kwenye baridi.

Kwaya ikaitwa. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa kwa mbao, na kutoka juu pale mtu aliweza kuona mpaka nyuma ya mahema. Jeska alikuwa katikati ya ubeti wa kwanza macho yake yalipofika kwenye jenereta. Juu ya kigingi cha uzio ulio jirani yake, waya wa rangi ya chungwa ulikuwa umetundikwa, umekunjwa vizuri, mduara juu ya mduara.

Mdomo wake ukaendelea kuimba. Spika zilisafika saa ngapi? Kabla ya mahubiri. Kabla ya mahubiri yote.

Akashuka jukwaani.

"Mama Recho!" Pelagia, kiongozi wa kwaya, akamwita kwa kunong'ona, meno yamebanwa. "Ubeti wa pili ni wako! Mama Recho!"

Jeska alikuwa ameshavua viatu na anakimbia. Akajikwaa kwenye kamba ya hema, akaanguka, akainuka. Nyuma yake wimbo ulikuwa unaendelea, safi kabisa.

Karavani ilikuwa kimya. Alipoweka kiganja mlangoni akakiondoa. Bati lilikuwa linaunguza kama kikaango. Akagonga kwa ngumi.

"Mama! Mama, fungua! Mama!"

Hakuna. Akaweka uso kwenye dirisha, akaona ukungu tu. Akaokota figa kwenye jiko la jirani, likiwa bado na majivu, akalitupa kwenye kioo kwa nguvu zake zote. Figa likadunda, likarudi miguuni pake. Dirisha halikuwa la kioo, lilikuwa la plastiki ngumu. Akalitupa figa tena. Likarudi tena. Hapo ndipo akapiga ukelele ambao hakujua kama anao, ukelele wa kwao, ule wa msiba, na kwaya ikakatika.

Fredy akafika wa kwanza.

"Nani yumo?"

"Mtoto yumo! Na mama! Wewe umechomoa!"

Uso wa Fredy ukawa wa majivu. "Dada, nilijua mmetoka wote. Jenereta ilikuwa haiwezi kubeba spika na AC..." Hakumaliza. Aling'oa nondo iliyoshikilia hema la watu, hema likalala upande, akaipachika kwenye ukingo wa mlango na kujining'iniza nayo kwa uzito wote. Mlango ukalia, ukapinda, ukafunguka.

Joto lililotoka mle lilimpiga Jeska usoni kama pumzi ya tanuru. Bibi Nyangi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kabati, macho wazi, anaongea Kizanaki na mtu asiyekuwapo. Fredy akambeba yeye. Jeska akaruka kitandani. Pale alipomwacha Recho mtupu, palikuwa na furushi. Blanketi limezungushwa, kofia ya sufu kichwani, soksi miguuni. Akaelewa mara moja, na kuelewa kulimuumiza zaidi. Baridi ya mashine ilikuwa kali, bibi akamfunika mjukuu, kama bibi yeyote. Kisha baridi ikakatika, wote wawili wamelala.

Akalifungua furushi huku anakimbia nje. Mtoto alikuwa mwekundu, mkavu, hana hata tone la jasho. Hakulia. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakumfuata mama yake.

Palikuwa na kivuli cha mwarobaini. Akamlaza pale juu ya kanga.

"Maji! Nipeni maji!"

Ndoo ikaja. Akachovya mtandio wa kwaya, akaanza kumpitishia mtoto kichwani, shingoni, makwapani.

"Usimloweshe!" Pelagia akamshika mkono. "Mtoto ana homa kali hivyo, unamtia maji? Atashikwa na kichomi! Mfunike!"

"Siyo homa, dada. Ni joto. Niache."

"Mimi nimekuzidi kuzaa, Jeska."

"Niache!"

Ibada yote ilikuwa imehamia pale. Mzee Stanslaus akapiga magoti, suti yake ya kijivu juu ya mavumbi, akaweka kiganja kikubwa kwenye kifua cha Recho. Nyuma yake wengine wakaweka mikono mabegani mwake, na wengine mabegani mwa wale, mduara ndani ya mduara, wote wanaomba kwa sauti kila mtu kwa maneno yake. Walikuwa wanalia. Walikuwa wanampenda yule mtoto, hilo Jeska aliliona. Na kivuli kikawa giza, na hewa ikawa nzito ya pumzi na jasho la watu, na mtandio aliokuwa anampitishia mtoto ukawa wa vuguvugu hata kabla hajauchovya tena.

Kwenye masomo ya jioni ambayo Jeska alikuwa anahudhuria mjini, mwalimu aliwahi kuuliza kwa nini maji ya mtungi huwa baridi. Kwa sababu mtungi unatoka jasho, akajibu mtu wa nyuma, na darasa likacheka. Ndiyo hivyo hivyo, mwalimu akasema, ila uuweke upepo unapopita. Mtungi uliofungiwa haupoi.

"Naombeni msogee kidogo," Jeska akasema.

Hakuna aliyemsikia.

"Baba mzee, naomba... msogee, hewa..."

"Toka!" Mzee Stanslaus akanguruma, macho yamefumbwa. "Roho ya mauti, nakuamuru, toka! Toka!"

Kifua cha Recho kilipanda, kikakawia kushuka.

"Tokeni ninyi!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko spika. Akasimama, mtandio unadondoka maji, akamsukuma begani mtu ambaye hata kumpa mkono alikuwa anampa kwa kupiga goti.

"Tokeni! Nawaambia ninyi, siyo pepo! Mnamzibia mwanangu hewa! Kaombeeni kule! Mungu anasikia hata mkiwa mbali!"

Pelagia akaziba mdomo. Mzee Stanslaus akafumbua macho, akamtazama msichana huyu aliyebatizwa mbele yake, na mishipa ya shingo ikamtoka. Jeska aliona neno linapanda kooni mwake. Hakurudi nyuma. Hakuwa na mahali pa kurudi.

"Mmemsikia," sauti dhaifu ikasema. Ilikuwa Bibi Nyangi, ameegemea gurudumu la karavani, kichwa chake kinachuruzika maji ya ndoo. "Hata ndama akianguka kwa jua hatumzungukii. Stanslaus, nimekufahamu hujui kufunga suruali. Inuka hapo."

Mzee akainuka. Alipepesuka kidogo. Kisha, badala ya neno lile, akageuka na kunyoosha mikono pande mbili kama anayefukuza ng'ombe shambani.

"Rudini! Rudini nyuma! Achieni njia ya upepo!"

Duara likafunguka. Hewa ikapita. Haikuwa ya baridi, lakini ilitembea. Mzee akachukua kitabu chake cha nyimbo, akakikunja, akaanza kumpepea mtoto aliyeloweshwa, polepole. Na Pelagia, baada ya kusimama muda bila kujua aweke wapi mikono yake, akachuchumaa upande wa pili naye akapepea. Jeska akachovya, akapitisha. Akachovya, akapitisha. Rangi nyekundu ilikuwa bado ipo. Macho bado yalikuwa nusu. Alikuwa anamwita kwa majina yote anayomwitaga usiku, yale ambayo mbele za watu huona haya kuyataja.

Recho akakunja uso. Akatoa kilio kidogo, chembamba, kama cha paka.

Pikapu ikaingia uwanjani. "Mlango huo umefanyaje?" Mugeta akauliza kabla hajazima gari, kisha akaona nani amelala chini, naye hakulizima tena.

Walikwenda Bunda vioo vyote viko chini, Jeska amemshika mtoto mtupu chini ya mtandio mbichi, mama mkwe amejibanza pembeni yake. Hospitalini wakampokonya mtoto, wakamrudisha ana dripu kichwani. Nesi alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno.

"Amekunywa joto sana. Mumloweshe hivyo hivyo, na umnyonyeshe akikubali. Akikojoa, niite."

"Asipokojoa?"

"Akikojoa, niite," nesi akarudia, akaenda kitanda kingine.

Basi Jeska akakaa. Kila mara alimgusa mtoto chini, pakavu. Akamwekea ziwa, Recho akavuta mara chache, akaliacha. Pakavu. Mugeta alikuwa anatembea korido, simu ya bosi inaita mfukoni na hapokei. Bibi Nyangi, kwenye benchi, alikuwa anakizungusha mikononi kikombe chake cha maji ya chumvi na sukari.

"Mimi ndiye niliyemvisha kofia," akasema, anaitazama sakafu.

"Mama, kulikuwa na baridi."

"Kulikuwa na baridi," bibi akasema. "Baridi kweli kweli, mwanangu."

Jeska akamsogelea, mabega yao yakagusana. Akambadilisha mtoto paja, akamwekea ziwa tena. Safari hii Recho alishika, akavuta, akameza. Akavuta, akameza, kidole kimeshika kifungo cha sare ya kwaya. Jeska hakuthubutu kupumua kwa nguvu.

Ndipo kitu cha vuguvugu kikaenea pajani mwake, kikapenya sketi, kikatiririka mpaka gotini na kudondoka sakafuni, tone, tone.

Hakusogea, asije akakikatiza.

"Nesi," akaita. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, na wodi nzima ikageuka. "Nesi! Njoo! Amekojoa!"