Matone Yaliyoganda Angani

Picha ya punje ya jiwe iliyokatwa katikati ilipojaa ukutani mwa ukumbi wa mkutano, mtafiti aliyeketi safu ya nyuma aliitambua mara moja. Punje ile aliikata mwenyewe, akaisugua mpaka ikapitisha mwanga.

Aliyekuwa jukwaani ni mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, akamfundisha miamba hatua kwa hatua.

"Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikiwa nzito hupasuka kama chupa, vipande vikawa na makali," mdogo mtu alieleza kwa madaha. "Hii ilikuwa nyepesi kama mafuta ya kupikia. Volkano ilipolipuka, gesi iliitawanya ikawa matone, na kila tone likajivuta likawa duara kabla ya kuganda. Hayo ndiyo niliyoyagundua."

Niliyoyagundua! Mfano wa mafuta dada ndiye aliyempa, jikoni, wakikaanga mayai na kucheka. Kwa miaka mingi watafiti wenzake walishikilia kwamba punje zile ziliviringika tu zikalainika, naye akafunga mdomo, akisaka ushahidi usio na doa. Moyo wake alimfungulia mtu mmoja tu.

Makofi yalipotulia, profesa mmoja aliuliza, "Mbona nyingine zina mikia?"

Mdogo mtu alibabaika. Macho yake yakamtafuta dada yake, kama alivyozoea tangu utotoni.

Dada akasimama. "Hizo baridi iliziwahi. Ziliganda kabla hazijamaliza kujivuta."

"Na wewe ni nani, mama?"

"Ni mimi niliyeikata hiyo punje mnayoitazama."

Watu wote wakageuka kumtazama. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mdogo wake alimkuta kwenye ngazi, akihema. "Dada, ungengoja mpaka lini? Wangetuwahi wengine. Ningekuambia."

"Lini? Asubuhi tumekunywa chai meza moja. Ukaniuliza kama gauni limekukaa vizuri."

"Niliogopa."

"Nami nikakufungia zipu."

Mdogo mtu akaangua kilio. Mkono wa dada ukanyanyuka wenyewe kumfuta machozi, kama miaka yote. Aliuona umefika hewani, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaushusha taratibu.

Akateremka ngazi kuelekea kwenye jua kali la mchana. Nyuma yake sauti iliita, "Dada!" Ikaita mara moja tu.