Chini ya Shingo ya Twiga

Kitu cha kwanza alichokigundua dada wa kazi ni kwamba kandambili zake zilikuwa zinampwaya. Asubuhi zilimtosha. Walipopita geti la bustani ya michezo, vidole vyake havikufika tena mbele, na walipomaliza kununua bisi, pindo la gauni lake lilikuwa linafagia vumbi. Akalikunja kiunoni, akamfuta makamasi Kibonge, mdogo kati ya watoto wawili aliowalea, wakaendelea.

Mama wa watoto alimtupia jicho. "Umepungua," alisema. "Inua huo mkoba, usiuburuze."

Mkoba ulibeba maji, sweta na nguo za kubadilisha. Sasa ulimning'inia hadi magotini.

Mbele ya bembea ya kuzunguka, yenye farasi wa mbao, alisimama twiga wa bati, ana mstari mwekundu shingoni. Bembea ile ilikuwa ya wadogo. Aliyeuzidi mstari hakupanda. Kibonge alipimwa, akaruhusiwa. Dada yake, ambaye nyumbani walimwita Malkia, alikunja magoti kidogo, naye akaruhusiwa. Kisha mpimaji akaweka kiganja juu ya kichwa cha dada wa kazi.

"Na huyu apande. Bado yuko chini."

"Huyo ni wa kazi," mama alisema.

"Na kimo hiki?"

"Mbona ndicho alichokuja nacho kwetu!" Mama alicheka kama mtu aliyeokota picha ya zamani. "Vilevile kabisa, hata hayo masikio. Enzi hizo Malkia bado ananyonya. Jamani, siku zinakimbia!"

Mpimaji akakubali kwa kichwa. Foleni ikasogea.

Dada wa kazi naye alizikumbuka enzi hizo. Alikuwa ameacha kamba yake ya kuruka ndani ya dawati, kwa sababu aliambiwa anakwenda kusaidia likizo tu, shule ikifunguliwa atarudi. Kamba ilikuwa ya katani, na mwisho wake mmoja alikuwa ameufunga kitambaa cha bluu ili isimchome kiganjani.

"Dada, njoo! Nimekuwekea!" Kibonge alipiga kelele, akigonga tandiko la farasi mweupe pembeni yake. Farasi huyo alikuwa na sikio moja. Mpimaji alikuwa bado ameushikilia wazi mnyororo wa mlangoni.

"Sasa mkoba ataushika nani?" mama aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Lilikuwa swali tu. Mpimaji akafunga mnyororo. Muziki ukaanza, na farasi mweupe akazunguka mtupu hadi mwisho.

Nyumbani, mama alivuta kigoda kutoka chini ya ngazi, akakifuta vumbi kwa kanga. "Unakikumbuka? Nilijua tu, ipo siku kitafaa tena."

Kigoda kilikuwa na urefu uleule wa kumfikisha kwenye sinki. Kabla hajapanda, Malkia alikuja na kikombe chake, wakapimana mabega.

"Tuko sawa," Malkia alisema. "Kesho twende wote shule."

"Kesho kuna kufua," mama alijibu kutoka sebuleni, kwa upole.

Dada wa kazi alipanda kigoda. Alikiosha kikombe, akakisuuza, akakifudikiza juu ya kitambaa.

"Nilitaka kumpanda yule farasi mweupe," alisema.