Shingo ya Bibi Mwanaheri

Asubuhi ya siku ya soko, Mwanaheri alipangusa chavua iliyodondoka mezani kutoka kwenye ua la shingoni mwake. Akajifunga mtandio, akaacha uwazi kidogo ili ua lipate hewa, akajitwika tenga la karoti kwenda Lukozi. Mjukuu wake Hidaya alikwisha kutangulia. Njia ya sokoni hupita kando ya uwanja wa shule, na mtoto hakutaka kuonekana na bibi yake.

Ua hilo halikuwa kitu cha kwanza kukaa shingoni pale. Zamani, kabla chumvi yenye madini joto haijafika milimani huku, Mwanaheri alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni waliokuwa nao wanawake wengi. Watoto wakatunga wimbo wa kupigia makofi:

*Bibi wa Lukozi, shingo ina rovu,*
*akimeza kande, linapanda juu!*

Ulimwangukia yeye kwa sababu ndiye aliyepita pale kila soko.

Mwalimu mmoja akaona neno “rovu” ni tusi, mahali pake wimboni akaweka “boga”. Kulipokucha, Mwanaheri alikuwa na boga shingoni, la kijani, na kikonyo chake. Masika lilitoa majani, na jirani yake Rukia akawa anakuja kuomba ya mboga.

“Usichume machanga,” Mwanaheri alimwambia. “Yananiuma.”

Walioimba wakakua, wakazaa, wakawafundisha watoto wao. Kisha mwalimu mkuu mmoja akarudi kutoka semina, akasema si vizuri kumfananisha mtu na mboga, akaweka ua. Boga likadondoka juu ya mswala Mwanaheri alipokuwa akisujudu alfajiri. Rukia alilipika siku hiyohiyo, na halikuwa na ladha.

Watu walimpongeza kwa ua. Naye, tusimsingizie, alijitazama kwenye kioo akafurahi. Halafu akapita shuleni, na kicheko kikaja palepale kilipozoea kuja. Safari hii kilimchoma zaidi, maana Hidaya alikuwamo.

Basi leo alitua tenga mlangoni pa ofisi ya walimu, akamwomba Mwalimu Beatha dakika moja.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ule wimbo.”

“Lakini tulishaurekebisha, bibi. Sasa ni ua. Ua ni sifa.”

“Hicho ni kilemba cha ukoka, mwalimu. Neno mnalibadili, anayechekwa ni mimi yuleyule. Mjukuu wangu hataki hata kuongozana nami njiani. Sina shida nyingine.”

Beatha alilitazama ua, akaona haya. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hupenda kurekebisha. Akaahidi kuliondoa neno kabisa. Mchana ule akawafundisha watoto kwamba pale penye neno wapige kofi tu.

Kesho yake Mwanaheri aliamka hana shingo. Kichwa kilikuwa mahali pake, mabega mahali pake, katikati hapana kitu. Chai ilishuka vizuri.

“Pole, jirani,” alisema Rukia. “Baridi haikusumbui?”

“Inapita tu.”

Hakuwa na cha kuuza siku hiyo. Alikwenda shuleni kumchukua Hidaya warudi pamoja, na moyo wake ulikuwa mwepesi, kwani hapakuwa tena na neno la kumtia mtoto aibu. Aliwakuta uwanjani.

*Bibi wa Lukozi, shingo ina —*

Kofi likalia, na kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kusikia, kwa kuwa sasa kila mtoto alitia neno lake mwenyewe. Mwalimu Beatha, dirishani, alitabasamu kuona wanacheza bila matusi.

“Hidaya!” Mwanaheri aliita. Sauti ilitoka bila shida. “Njoo twende nyumbani, mama.”

Duara zima liligeuka. Hidaya alimwona bibi yake, akaona na migomba nyuma yake pale ilipokuwa shingo. Kisha akainua mikono, akaanzisha wimbo upya.