Mwendo Usio Wake

Muuza kuku mmoja, Sikudhani, aliposimamishwa na trafiki akikaribia Singida Mjini, matenga ya kuku yakiwa nyuma ya gari, alidhani ni ukaguzi wa kawaida. Askari akamwonyesha picha kwenye simu, iliyotumwa na mwenzake aliyekuwa na tochi ya kupimia mwendo kule Misigiri. Gari lake lilionekana mbele ya shule, na chini yake mwendo wa themanini mahali pasiporuhusiwa kuzidi hamsini. Akaandikiwa faini palepale.

Mbele ya shule ile ndipo bintiye, Lucy, alipogongwa akivuka kwenda darasani, na mpaka leo anatembelea gongo. Aliyemgonga hakusimama. Tangu hapo Sikudhani hupita pale taratibu kabisa, wa nyuma yake wakereke wasikereke. Asubuhi hiyo Landkruza nyeupe ilichoka kumsubiri ikampita kwa kasi kwenye kivuko cha wanafunzi. Hata kwenye picha ubavu wa Landkruza hiyo ulionekana. Alimweleza askari yote hayo, naye akajibu kwamba tochi haidanganyi, asiyetaka kulipa aende mahakamani.

Nyumbani, mumewe Raymond alimshauri alipe yaishe. Hakuwa mtu mwoga, ila aliwajua trafiki wa barabara zao. Alisema kesi itamlia siku za mnada wa kuku, na trafiki watalikariri gari lake. Jirani yao Kristina naye alisema hivyo hivyo, kwamba kila mwenye gari hulipa hata asipokosa. Sikudhani alishika simu ili alipe, akaiweka chini.

"Nikilipa nimekiri, Raymond," alisema. "Nimekiri kwamba nilipita pale kama yule aliyemgonga mtoto wangu."

Raymond hakusema tena habari ya kulipa. Siku ya kesi alivaa shati lake la kanisani, wakaenda wote.

Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliagiza picha ikuzwe. Akamuuliza askari wa tochi alilenga gari lipi kati ya yale mawili. Askari alizungukazunguka, mwisho akakiri hawezi kusema kwa uhakika. Sikudhani akaachiwa.

Nje, askari yule alimpita akitabasamu. "Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Yule wa Landkruza mlimwandikia?"

Askari alirekebisha kofia yake. "Yule hatukumsimamisha."

"Kwa nini?"

Askari akaondoka zake. Raymond alimshika mkewe mkono, akasema wamshukuru Mungu, wameshinda, waende zao. Sikudhani aliutoa mkono. Akaenda moja kwa moja ofisi ya trafiki. Akasimulia upya. Wakamwambia namba ya gari lile haionekani kwenye picha, hivyo hakuna la kufanya. Sikudhani akawajibu kwamba namba ya gari lake ilionekana kwa sababu lilikwenda taratibu, ndiyo maana likaandikwa. Waliokuwa ofisini waliinamia kazi zao.

Akauliza mkuu wao yuko wapi. Ametoka, walisema, na hawajui atarudi saa ngapi.

"Nitamsubiri," alisema, akakaa kwenye benchi la ukutani.

Raymond alisimama mlangoni kitambo, akitazama barabara ya kurudia nyumbani. Kisha akaingia, akaketi kando yake.