Misalaba ya Penseli

Najua marehemu hasemwi vibaya. Basi anayetaka kuziba masikio na azibe, maana mimi nitamsema.

Mwalimu wetu alikuwa fundi wa kila kitu, hilo simnyimi. Alichora, alichonga, alipiga akodioni, aliandika michezo ya kuigiza na mavazi yake akashona mwenyewe. Ile saa ya mnara wa soko, iliyokuwa imekufa miaka sita, aliifufua kwa bisibisi na mafuta ya cherehani. Mkoa mzima ulimjua. Mpaka leo ukimtaja tu, mtu atakuambia kwamba alifundisha sanaa chuoni miaka thelathini na moja na kutoa wanafunzi mia mbili na ushee. Haya, hao wanafunzi wako wapi? Mmoja anauza mabati, mwingine karani wa mahakama, mimi naandika vibao vya maduka. Katika wote ninaowajua hakuna hata mmoja anayechora, na sijasikia mtu akiuliza kwa nini.

Sisi tulimwita Penseli, yeye akiwa hayupo lakini. Nyuma ya sikio lake ilikaa penseli nene ya seremala, nyeusi tii, anaichonga kwa kisu. Jioni tukishatoka alipita kwenye picha zetu, moja baada ya nyingine, na kila penye kosa akaweka msalaba. Wala si pembeni. Aliuweka juu ya rangi yenyewe, juu ya jicho, juu ya mdomo, akikandamiza mpaka turubai inabonyea. Asubuhi ukiingia unakuta picha yako imekuwa makaburi. Na kufuta ilikuwa marufuku. Sheria yake ni upake rangi juu ya msalaba na kuchora upya, kosa libaki chini, ulale nalo. Kuna kijana tuliyemwita Kijiti alipata misalaba kumi na tisa kwenye picha ya mbuzi. Penseli akamsimamisha mbele ya darasa akamwambia amwombe mbuzi radhi. Akaomba. Tulicheka mpaka mbavu hatuna, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Wiki iliyofuata Kijiti hakurudi chuoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipomchora mfua nguo. Alikuwa shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Ameinamia karai, povu mpaka kwenye viwiko, uso ameuinua kama mtu aliyesikia anaitwa na mtu asiyempenda. Nilimchora miezi minne, nikiificha turubai nyuma ya kabati ili isiguswe. Sikuanza na mistari ya penseli kama wenzangu. Penseli niliichukia, nilianza na rangi moja kwa moja. Nilipomaliza nikaibeba mwenyewe mpaka mezani kwake. Aliitazama, akasema niiache, ataisahihisha nyumbani. Ikapita wiki, zikawa mbili. Nikajipa moyo nikamuuliza, naye akanijibu mbele ya darasa zima.

"Ile nimeisahihisha mpaka haikubaki yako. Uso nimeurudia mimi, mikono nimeirudia mimi. Wewe umebakiwa na karai."

Darasa likaangua kicheko. Miezi mitatu baadaye picha ikatundikwa kwenye maonyesho, sahihi yake kwenye kona. Nilifika mpaka mlango wa ukumbi. Watu walikuwa wamejazana, nikamwona shangazi ukutani kwa mbali juu ya vichwa vyao, nikasimama pale pale. Nisogee nikatazame nini, uso aliorekebishiwa? Nikageuza. Brashi zangu nilimpa jirani apakie chokaa banda la kuku. Picha ikapata tuzo, ikawekwa kwenye jalada la kitabu cha shule, ndogo kama kiberiti, na wanangu walipokileta nyumbani nilikuwa nakilaza kifudifudi. Shangazi alikufa hajaiona. Nilimwambia haikutoka vizuri.

Mwaka jana Penseli naye akaenda. Nyumba yake ikaamuliwa iwe jumba la kumbukumbu, na mjane wake akaniita niandike vibao. Huyu mama sote tulimwita Mama tangu chuoni, alikuwa anatupa chai na kutuuliza habari za nyumbani, na sikuwahi kumsikia akimpinga mume wake hata kwa kukohoa. Aliniambia makumbusho wanaleta mtaalamu mwenye kamera inayoona chini ya rangi, kwa sababu picha bandia za Mwalimu zimezagaa na lazima zile kumi za nyumbani, mfua nguo akiwamo, zikaguliwe kwanza.

Nilikubali kazi ile kwa sababu moja tu. Nilitaka misalaba yangu. Nilitaka mtu mwenye cheti aione chini ya rangi, aseme huyu mfua nguo alichorwa na mwanafunzi, na jina langu liandikwe chini yake hata kama ni la karai peke yake. Nina miaka hamsini na sita. Sijataka kitu kingine kwa nguvu namna ile.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole, shikamoo mama nyingi kwangu na kwa Mama. Alifunga mapazia ya sebule, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuiunganisha na kompyuta. Picha ya kwanza ilikuwa ya wapagazi. Kwenye kioo rangi ziliyeyuka, na chini yake ikatokea misalaba kumi na mmoja, myeusi, kama aliiweka jana. Kijana akadhani ni vipimo vya kupanga picha. Nikamwambia hapana mwanangu, kaa nikueleze, na nikamweleza yote, kuanzia sikio mpaka mbuzi. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi anakunja na kukunjua leso. Hakukanusha.

Kijana akauliza kama Mwalimu aliwahi kujisahihisha mwenyewe. Nikacheka. Nikamwambia yule bwana hakuwahi kukosea tangu azaliwe, muulize mkewe. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba picha zake mwenyewe hakuzigusa kwa penseli. Basi ikawa ndiyo kanuni: yenye msalaba ni ya mwanafunzi, isiyo nao ni ya Mwalimu. Kijana akaiandika kwenye daftari, akanishukuru, akasema maelezo yangu yamemwokolea miezi ya kazi. Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Kufika saa nane picha tatu zilikuwa zimeegemezwa mlangoni, zimefukuzwa, na kila moja iliyotoka ilinipa raha ya kishetani.

Ndipo akamweka shangazi mbele ya kamera. Nikamwambia hii ni yangu, na kwamba misalaba ataikuta usoni na mikononi, mingi, maana aliirudia yote. Nilikaa nyuma yake nimeshika kiti.

Karai likatokea. Povu likatokea. Uso ukatokea, na chini ya uso hapakuwa na kitu. Kijana akasogeza, akaongeza mwanga, akapitia mikono kidole kwa kidole, akarudi usoni. Alichukua muda mrefu kwa sababu alikuwa ananihurumia, nililiona hilo. Kisha akanigeukia.

"Hakuna alama hata moja, mama. Na hakuna rangi iliyopakwa mara ya pili, popote. Uso huu umechorwa mara moja tu ukaachwa." Akalitazama daftari lake. "Kwa maelezo yako mwenyewe, hii ndiyo ya Mwalimu kabisa."

Ningesema nini, kwamba kanuni niliyompa mimi ni ya uongo? Ilikuwa ya kweli. Kijana akaomba radhi, akatoka uani kupiga simu, na sebuleni tukabaki wawili.

Mama aliongea akiitazama leso.

"Aliiegemeza pale pale ilipo. Wiki mbili, penseli mkononi. Anainuka, anaisogelea, anarudi kukaa, chakula kinapoa. Siku ya mwisho akatia sahihi yake, akaniambia hakuna pa kugusa."

Nilimuuliza kama alijua ni yangu. Alijua. Nilimuuliza kama alijua nimeacha kuchora. Hilo pia alilijua, na Penseli naye alilijua. Nikamwambia amwite kijana amweleze hayo hayo aliyonieleza mimi, maneno machache tu. Nilimwomba, sikumfokea. Nilipiga magoti kwenye zulia lake na magoti haya yangu mabovu.

Mama akanishika mkono, akaupapasa kama enzi zile za chai. Akaniambia kwa upole tupu kwamba leo zimeshatoka tatu, na hii ikitoka watu watakuja kutazama nini, akodioni? Akasema mimi na yeye tunajua, na hiyo inatosha. Kisha akaniomba niinuke kabla kijana hajarudi, tusimtie wasiwasi.

Niliinuka. Nikaisogelea, mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minne. Alikuwa shangazi yule yule. Pua ile ile, kovu dogo la kidevuni nililolichora siku ya mvua, macho yanayouliza nani ananiita. Hakuguswa na mtu. Kumbe siku ile mlangoni ningesogea hatua kumi tu ningejua, na nisingeandika mabucha na vinyozi maisha yangu yote. Ningekuwa na penseli ningemchora msalaba hapo hapo usoni, nipate ushahidi wangu, lakini penseli sikuwa nayo. Sijawahi kutembea nayo.

Kijana akarudi amefurahi. Wakubwa zake walitaka kibao cha mfua nguo kiwe cha kwanza, wakipige picha leo leo. Mama akanitolea ubao mwenyewe, tayari umepakwa rangi nyeupe na kukauka, akauweka mezani mbele yangu na kusogeza taa.

Nikachovya brashi. Mkono wangu hautetemeki ukishika brashi, ndiyo kazi inayonilisha. Niliandika jina la picha, na chini yake nikaandika jina lote la Mwalimu, herufi kwa herufi, kubwa na zilizonyooka. Kijana akasema kweli Mwalimu alinifundisha. Mama akavaa miwani, akainama, akasoma polepole mpaka mwisho, akasema hakuna pa kugusa.