Nyumba Iliyo Chini ya Bwawa

Asubuhi ile maji yalikuwa yamepungua hata kizingiti cha nyumba yao ya zamani kikatokeza. Msoma kipimo cha maji alisimama juu ya ukuta wa bwawa, akikitazama. Alikuwa msichana wa miaka minne walipopakiwa kwenye lori na kuhamishwa ili bonde lijazwe maji. Alisoma namba, akapiga simu ofisini, nao wakaamua: kuanzia leo mji upewe maji siku moja kwa wiki, si mbili tena.

Nyumbani alimkuta mama yake ameshavaa viatu.

"Nyumba imeonekana?"

"Nani kakuambia, mama?"

"Nipeleke, mwanangu."

Walishuka bondeni wakikanyaga tope lililokauka na kupasukapasuka, kisha lile bichi karibu na nyumba. Mama hakuingia ndani ya kuta. Alizunguka nyuma, akihesabu hatua kwa sauti, akapiga magoti penye mawe matatu.

"Kaka yako yuko hapa. Alizaliwa mwaka mmoja kabla yako, akaishi siku tatu. Walipohamisha makaburi, hakuandikwa. Hakuwa na jina. Baba yako akasema tutamfuata wiki ijayo. Wiki iliyofuata tukakuta maji."

Binti akapiga magoti kando yake. Miaka yote mama yake hakuwahi kunywa maji bila kuyakodolea macho kwanza. Yeye alidhani anatafuta uchafu.

Wakawa wanarudi pale kila asubuhi. Siku ya tano binti alijikuta anafurahi kuona kipimo kimeshuka tena. Akashikwa na haya, kwani mjini watu walikuwa wakipanga foleni na ndoo tangu alfajiri. Siku ya tisa ofisi ikapiga simu: mvua kubwa imenyesha milimani, mto unakuja.

"Tumchimbue, mama. Koleo ninalo. Bado tuna saa mbili."

Mama aliyapapasa mawe, moja baada ya jingine.

"Tumpeleke wapi? Hapa ndipo anapopajua."

Maji yalikuja polepole, ya kahawia, yamebeba majani makavu. Ng'ambo watu walipiga vigelegele. Simu ikaita. "Yanapanda," binti aliiambia ofisi. Yakayafikia mawe, yakayazunguka, yakayafunika. Wakasimama pale wameshikana mikono, hadi yakawafika vifundoni, na hakuna aliyesema twende.